Jina Nililolipeleka Wambaa

Mmeniomba, vijana wa kazi yetu, niandike nilivyoanza udalali, nami nimekubali kwa sharti moja: msiniulize nimeuza nyumba ngapi. Sijui, na dalali anayejua idadi yake mara nyingi ameiongeza. Nitaandika habari za khofu, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeacha skuli kidato cha pili, kwa sababu ya hesabu, na baba alinipeleka Mkoani kwa dada yake, shangazi yangu Time, ili nisikae bure nyumbani. Shangazi Time aliuza kanga nyumba kwa nyumba. Anayeuza kanga haishii barazani. Huingizwa mpaka chumba cha ndani, huwekwa juu ya kitanda, na huko husikia nani anahama, nani amefiwa, nani hasemi na ndugu yake. Kidogo kidogo watu wakaanza kumuuliza: Bi Time, hujasikia chumba cha kupanga? Bi Time, hapana mtu anauza kiwanja? Akawa dalali bila kutia nia ya kuwa dalali. Wanaume wa kazi hiyo walikaa vibarazani wakingoja habari ziwafikie, na yeye alikuwa ameshakunywa nazo chai tangu asubuhi.

Siku ya kwanza alinipa ufunguo wa nyumba tupu, akaniambia niingie nikae humo mpaka adhuhuri.

"Nikafanye nini, Shangazi?"

"Ukae. Utazame yavuja wapi, yanuka nini, jirani apiga kelele saa ngapi. Mpangaji atayajua hayo wiki ya kwanza, na akishayajua atanijia mie."

Niliingia. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na giza la kutosha vyumba vinane. Nilikaa kwenye ukumbi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na haikupita nusu saa nikasikia kitu kinatembea chumba cha mwisho. Kilikwenda, kikasimama, kikatafuna. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka katikati, nikasahau, nikaanza upya, nikasahau pale pale. Sikukimbia kwa sababu miguu ilikataa. Msije mkadhani ni ushujaa. Mwishowe akatoka mbuzi, mdomoni ana kipande cha kalenda ya mpangaji aliyehama. Niliporudi nilimwambia Shangazi kwamba nyumba ina mbuzi. Hakucheka. Akasema, "Andika," akanisogezea daftari, kwa sababu kama mbuzi aliingia basi ukuta wa nyuma una tundu.

Daftari lile lilikuwa nusu ya vyombo vyetu vya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kamba ya katani iliyofungwa fundo kila pima moja. Tulipima viwanja kwa kamba ile, na tulikuwa na kanuni ya kutopima siku ya mvua, maana katani ikilowa hufupika na kiwanja huonekana kikubwa. Muuzaji hupenda sana kupimiwa siku ya mvua. Siku hizi nyinyi mnapima kwa simu, na simu hailowi, lakini nawaambia nimeona simu ikiitia nyumba ya mtu baharini.

Jambo kubwa alilonifunza Shangazi halikuhitaji kamba. Wageni huja Pemba na fikira kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Kwetu si hivyo, na nyinyi mliozaliwa hapa mnajua: ardhi yaweza kuwa ya Faki, minazi ikawa ya dada zake, na mikarafuu mitatu kwenye kona ikawa ya mtu ambaye hata si ndugu, aliipanda kwa ruhusa ya babu yao. Hakuna karatasi. Kuna kumbukumbu tu, na wakati wa vuno kila mmoja huja na kikapu chake akachuma miti yake. Nje ya vuno, shamba hukaa kimya na wewe huoni kitu. Kwa hiyo kabla ya kuandikishana, Shangazi alikuwa akiwaacha wanaume nje akaingia jikoni, akawauliza wanawake swali moja: karafuu za hapa huchuma nani?

"Mwanamme takujibu kilicho chake," alikuwa akisema. "Mwanamke takujibu aliyekuwa naye chini ya mti."

Nilikuwa na miezi minane kazini Shangazi alipoanza kuumwa tumbo. Akapelekwa Unguja hospitali, wakasema lazima apasuliwe. Aliondoka asubuhi na meli, ameshika ubavu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ananipa daftari.

"Usiuze kitu mpaka nrudi," alisema. "Wapangishie watu vyumba, basi."

Nilisema ndio. Nilikuwa mtoto mtiifu mpaka siku ya nne.

Siku ya nne alikuja mtu anaitwa Khamis, wa Kengeja. Alikuwa na shamba dogo lenye mikarafuu, alilorithi kwa baba yake, na alikuwa tayari amempata mnunuzi: bwana mmoja, Suleiman, aliyekuwa akifanya kazi Arabuni na amerudi likizo ajenge nyumba. Bwana Suleiman alibakisha siku chache kuondoka. Walitaka dalali awaandikie, maana Kengeja jina la Bi Time lilikuwa linaaminiwa.

Bwana Suleiman aliponiona alimgeukia Khamis. "Mbona umeniletea mtoto?"

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Naweza kuwaambia mengi kuhusu tamaa na ujinga, lakini ukweli ni kwamba nilifanya nilichofanya kwa kuogopa kuonekana mtoto. Nilijibu kwa sauti nzito niliyoikopa, kwamba Bi Time amesafiri na mimi ndiye ninayeshika kazi zake, na twendeni tukaone shamba.

Tulipima. Hakukunyesha. Mafundo yalikwenda sawa na miti ya mibono iliyopandwa mpakani ilikuwa mahali pake. Lakini upande wa magharibi palikuwa na mikarafuu minne mikubwa, imesimama karibu karibu, na kila mmoja ulikuwa na mikato mitatu ya panga kwenye shina, chini, usawa wa goti. Miti mingine haikuwa na alama. Niliinama nikaigusa. Ilikuwa ya zamani, gome limeshaanza kuifunika, lakini ilikuwa mitatu mitatu, sawasawa.

"Hii nini?" nilimuuliza Khamis.

"Watoto hao, wacheza na mapanga."

Alijibu upesi, na alikuwa anatazama njia, hakuitazama miti. Niliona. Msije mkasema sikuona. Pale nyumbani kwake, mbali kidogo tu, moshi ulikuwa unatoka jikoni na nilisikia wanawake wanazungumza. Ningekwenda hatua thelathini. Lakini Bwana Suleiman alikuwa amesimama anatazama saa yake, na nilifikiri: nikienda jikoni atasema mtoto amekwenda kuomba chai.

Kesho yake tulikaa kwa sheha, ambaye ndiye hushuhudia mauzo kwa niaba ya serikali. Sheha alikuwa mgeni katika shehia ile, na mashahidi wawili walikuwa marafiki wa Khamis. Mimi nilikaa karibu na mlango, buibui limenizidi ukubwa kwa kuwa lilikuwa la Shangazi. Sheha aliisoma karatasi, akanitazama juu ya miwani.

"Mtoto wa Bi Time, ardhi hino na miti yake yote ni ya mtu mmoja? Hamna mwengine mwenye haki?"

Khamis alikuwa anakohoa. Bwana Suleiman alikuwa ameshatoa kalamu.

"Hamna," nikasema.

Pale penye nafasi ya dalali niliandika jina la Shangazi, kwa mkono wangu. Mtoto wa miaka kumi na sita haandikwi, na nilijua hivyo.

Bwana Suleiman alirudi Arabuni, akamwachia fundi kazi. Kukata mkarafuu kunahitaji kibali, na kibali kilipatikana kwa sababu karatasi ilisema miti ni yake. Fundi aliangusha ile minne ya magharibi kwanza, kwa kuwa ilikuwa imesimama pale ambapo choo kilichorwa.

Vuno lilipoanza, akaja kutoka Wambaa bibi mmoja na majamvi yake ya kuanikia na vikapu viwili. Jina lake Bi Mkasi. Alikuwa mjane, anakaa Wambaa kwa binti yake Mize, na kila msimu alikuwa akija Kengeja kuchuma mikarafuu minne aliyopewa mahari. Mumewe, ndugu wa baba yake Khamis, aliipanda mwenyewe katika ardhi ya kaka yake, kwa ruhusa yake, na siku ya ndoa akampa. Ile mikato mitatu aliikata mumewe huyo, mbele ya wazee, ili ijulikane. Kengeja nzima ilijua. Hakuna aliyeulizwa.

Nilisimuliwa kwamba hakupiga ukelele. Aliweka majamvi chini, akakaa juu ya kisiki kimoja, akakaa mpaka adhana ya alasiri. Halafu akaenda kwa shehe wa msikiti, akamwambia Ijumaa inayokuja, baada ya alasiri, nyumbani kwake Wambaa, isomwe halbadiri.

Labda yupo kijana miongoni mwenu aliyekulia mjini asiyeijua khofu ya neno hilo. Ni dua inayosomwa kwa majina ya masahaba wa Badri, na aliyedhulumiwa humshitaki aliyemdhulumu kwa Mola moja kwa moja, bila ya polisi wala kadhi. Wako wanazuoni wanaosema haifai kuitumia hivyo. Lakini sijapata kumwona mtu aliyeambiwa jina lake litasomwa akala chakula chake akamaliza.

Bi Mkasi alitangaza watatu: aliyeuza, aliyenunua akijua, na aliyesema hamna mwenye haki. Bwana Suleiman, alipopashwa habari na fundi wake, alipiga simu siku hiyo hiyo, kwenye simu ya ofisi moja mjini, akaapa kwamba hakujua na akaomba radhi, na Bi Mkasi akamtoa. Khamis alitoroka kwenda Tanga. Akabaki wa tatu, na kila mtu alijua ni nani, kwa kuwa mtoto husema kwa niaba ya aliyemtuma, na jina lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa hilo: Time.

Habari hiyo niliipata Jumatano asubuhi kwa mwanamke muuza samaki. Aliniambia kwa huruma. "Maskini Bi Time. Na vile yuko hospitali."

Upasuaji wa Shangazi ulikuwa umeahirishwa wiki kadhaa; sasa alikuwa apasuliwe Jumamosi hiyo.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kwenye kona baina ya kitanda na ukuta. Kwenye kichwa changu ilikuwa ni jambo lililokwisha: Ijumaa watasoma jina lake, Jumamosi daktari atamfungua tumbo, na hatofungua macho tena, na mimi ndiye niliyemuua kwa neno moja. Nilifikiria kumpigia simu, lakini nimwambie nini mtu anayengoja kisu? Nilifikiria kunyamaza. Lazima niliandike hili kwa kuwa nimeahidi kusema kweli: nilifikiria kunyamaza kwa muda mrefu, mpaka jua likahama dirisha moja kwenda la pili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na mwili mzima, na sikutaka kufa. Yeye alikuwa mgonjwa tayari. Wazo hilo lilinijia kwa maneno hayo hayo, yeye mgonjwa tayari, na nilipolisikia nikaogopa nafsi yangu kuliko halbadiri.

Alkhamisi nilipanda gari ya abiria mpaka njia panda, nikatembea mpaka Wambaa. Nilikuwa nikisimama kila baada ya nyumba chache, nikatazama nilikotoka. Nilipouliza kwa Bi Mkasi, watoto walinionesha nyumba ya bati yenye jamvi tupu limetandikwa uani. Alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi. Mwanamke mdogo, mwembamba, mikono yake imekakamaa kwa miaka ya kuvuta matawi.

"Hodi."

"Karibu. Weye mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ndefu njiani. Nilisema tu, "Nimekuja kubadilisha jina."

Akaacha kukuna. Nikamweleza, nimesimama, sikuthubutu kukaa. Kwamba Bi Time hakuwepo. Kwamba aliniambia nisiuze. Kwamba niliiona mikato na nikaigusa kwa kidole changu. Kwamba sheha aliuliza na mimi ndiye niliyesema hamna. Kwamba amtoe Shangazi na anitie mimi.

Bi Mkasi alijifuta mikono kwa kanga. "Kumbe mtoto," alisema, na safari hii neno hilo halikuniudhi. Halafu akauliza, "Jina lako nani?"

"Raya."

"Binti nani, kwa mama?"

Mtu anayeombewa shari hutajwa kwa mama yake, maana mama hana shaka. Nilijua swali hilo lilikuwa la nini. Nilimfikiria mama yangu nyumbani, hajui kama jina lake liko Wambaa linaulizwa.

"Raya binti Asha."

"Sema tena, mie maskio mazito."

Nikasema tena. Akainamia nazi yake. "Kesho uje. Utakaa na mie."

"Bi Mkasi, naomba radhi."

"Nshakuskia. Kesho uje."

Nikaenda. Mpaka leo sijui nilikwendaje. Chumbani tulikaa wanawake kama kumi na mbili, wanaume ukumbini, pazia katikati. Uvumba ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Bi Mkasi aliniweka ubavuni pake, goti lake limegusa langu, na kabla ya kuanza alitoa karatasi iliyokunjwa, akampa binti yake Mize aipitishe chini ya pazia kwa shehe. Niliona mkunjo tu. Nilijua kilichomo.

Shehe alisoma majina ya masahaba, moja moja, na kila baada ya kituo tuliitikia amin. Na mimi niliitikia. Nilitaka kunyamaza, lakini Bi Mkasi aligeuza uso akanitazama mdomoni, na nikaona kama nikinyamaza ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Nilisema amin kwa maangamizi yangu mwenyewe, labda mara mia. Palipofika mahali pa kuomba haja, shehe aliifungua karatasi. Nikaisikia ikifunguka. Akaomba kwa sauti ya chini, kwa Kiarabu na haraka, na masikio yangu yalikuwa yanavuma kiasi sikupata hata neno moja. Nilishika mkeka kwa vidole vyote. Nilikuwa nikingoja nianguke.

Sikuanguka. Tuliletewa uji na bokoboko. Nilikula, kwa kuwa niliambiwa nile.

Jumamosi Shangazi alipasuliwa akatoka salama. Aliporudi baada ya wiki tatu nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Jina langu limetoka?" Nikamwambia limetoka. Akatia udhu, akasali rakaa mbili za shukurani, akatoa salamu kulia na kushoto, akaja akanitia kofi. Halafu akalia yeye. Wiki ile ile tulikwenda Wambaa na miche minne ya mikarafuu, tukaipanda nyuma ya nyumba ya bati, na kwa misimu miwili ya kiangazi nilikuwa nikienda kuimwagilia maji kwa ndoo. Mkarafuu hauna haraka. Ule wa kwanza ulipochanua nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto.

Khamis alirudi Kengeja baada ya miaka miwili, mkono wake wa kulia unaning'inia tu. Daktari alisema kiharusi. Kengeja walisema vyengine. Mimi niliposikia niliweka mkono wangu wa kulia kwenye mwanga, nikaufungua na kuufumba mpaka mume wangu akaniuliza nina nini.

Basi hivyo ndivyo nilivyoishi. Mwanangu alipopata homa nilisema: ndiyo hiyo. Mimba ya pili ilipoharibika nilisema: ndiyo hiyo. Kila vuno nilikwenda Wambaa kumsaidia Bi Mkasi kuchuma na kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vijiti vyake, na kila vuno, tukiwa tumekaa jamvini vidole vyeusi, nilimuuliza.

"Bi Mkasi, siku ile ulinitia?"

Mara nyingi alikuwa akijibu kwa habari ya mvua. Mwaka mmoja tu alinijibu. Aliacha kuchambua, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenziwe bei ya sukari: "Nikikwambia skukutia, utalala. Na mie staki ulale, Raya."

Sikulala. Na nyinyi mmefaidika, ingawa mlinicheka. Mliniita Bi Raya Muoga mkidhani sisikii. Sikupata kuandikishana popote bila ya kuingia jikoni. Nilikwenda mashamba wakati wa vuno, hata kama mnunuzi yumo mbioni, nikakaa siku nzima nikitazama nani anakuja na kikapu. Kuna nyumba ya Wete ambayo warithi saba walikwishaweka sahihi, nikakataa mpaka wampigie dada yao wa nane aliyeolewa Mombasa, na mnunuzi akachoka akaondoka. Ndugu wale hawakusema na mimi kwa miaka. Khofu yangu ilikuwa kubwa kuliko haya yangu, na ukitaka ukweli, ilikuwa kubwa kuliko uadilifu wangu. Watu walidhani mimi mchamungu. Nilikuwa mtu aliyesomewa.

Bi Mkasi amefariki baada ya vuno lililopita, amekula umri mkubwa. Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Siku ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, Mize aliniita uani. Yeye naye sasa ni bibi mwenye miwani.

"Mama kaniachia wasia nikwambie," alisema. "Karatasi ile nliandika mie, yeye alikuwa hajui kuandika. Haikuwa na jina lako. Haikuwa na la Khamis wala la shangazio. Ilikuwa na jina la baba yangu, basi. Alimwombea rehema. Alisema mahari ya mtu yamekatwa, na aombewe aliyeyatoa."

"Na Khamis?"

"Khamis alipooza. Watu hupooza."

Nilikaa chini pale uani. Sikuona furaha. Niliona kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka thelathini na tatu, ikaondolewa, na shingo haijui ifanye nini. Nilimlilia Bi Mkasi upya, nikamkasirikia, nikamwombea. Usiku ule nililala mpaka nikakosa alfajiri.

Wiki ya pili yake nilikuwa Jadida, kwenye nyumba ya urithi. Wanaume walikuwepo, karatasi zao safi, mnunuzi muungwana. Tulizungumza barazani, tukanywa kahawa, nikaweka sahihi, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani, mkono nimeshaunyosha kusimamisha gari, ndipo nilipokumbuka kwamba sikuingia ndani. Haikunipitikia hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto, nilikaa saa mbili kwenye nyumba ya watu nikiwa na raha zangu.

Nilirudi mbio, kwa umri huu. Chumba cha uani, nyuma ya jiko, nilimkuta mama mmoja mtu mzima anamenya muhogo. Nikamuuliza yeye nani katika nyumba hii.

"Mie dada yao," akasema. "Kwa mama mwengine. Chumba hichi nliachiwa na baba."

"Wanauza leo, hawakukwambia?"

"Nliskia sauti zenu." Akaendelea kumenya. "Nkadhani mumekwisha."

Niliichana karatasi barazani, mbele ya wote, na maneno niliyoambiwa hayaandikiki. Niliogopa njia nzima kurudi nyumbani. Lakini ile ilikuwa khofu ya mchana mmoja. Jioni ilikuwa imeshapoa, na nilijua ya zamani haitarudi.

Ndiyo sababu nimeacha kazi. Mnaniambia bado nina nguvu, na ni kweli, miguu ni mizima. Mikoba nimewaachia, na daftari, na nambari za watu. Nawatazama mnavyoingia kwenye nyumba za watu mkicheka, simu mkononi, hamkusomewa na mtu, na sijui nyinyi mtaogopa nini.